Nguvu Zilizotoka Kinuni

Mwanangu Mdoe,

Salamu zangu unazo tangu asubuhi, kwa hiyo sitakuuliza hali kama mgeni. Naandika alasiri hii ukiwa umekwenda na mama yako kumuaga shangazi yako. Nyumba imenyamaza, kuku tu ndio wanaparura uani. Kesho utashika njia ya Korogwe kwenda kubeba vyuma vya reli ya Mdachi. Barua hii nitaikunja ndani ya mkeka wako, uisome ukifika. Kama herufi zangu zimepinda, kumbuka mwalimu wako wa kwanza ndiye mimi, makosa tumerithishana.

Habari za kula, za kulala, na za watu wa kuogopa huko mbele, mama yako amekwisha kukupa, na akirudi atakupa tena. Mimi nina jambo moja. Nahofia mwili wako, na siuhofii kwa kuwa ni dhaifu. Wewe una nguvu, na mtu mwenye nguvu kuna neno moja linamshinda kutamka. Nitalifikia, usinikimbize.

Kwanza niache nikusifu, maana ana kwa ana siwezi. Kwetu baba akimsifu mwanawe usoni watu huguna, lakini kwenye karatasi hakuna wa kuguna. Juzi ulipokuwa ukipasua kuni nilijifanya nasuka kamba ya kitanda, kumbe nakutazama. Uti wa mgongo wako umezama katikati, nyama zimesimama huku na huku, na kila ukishusha shoka naziona zinavyohama kutoka begani mpaka kiunoni. Kamba niliisuka vibaya, imebidi niifumue yote. Nikajiuliza, hivi huyu ndiye yule Unyasi?

Unyasi ndilo jina walilokupa wenzako, nami siwezi kusema hukulistahili. Ile homa ya utotoni ilikuachia roho ikachukua vingine vyote. Ulikuwa na mikono kama miiko ya kusongea ugali. Ukitumwa maji, ulirudi kibuyu nusu na wewe umelowa mpaka magotini. Wenzako wa rika moja walikuwa wakibeba mizigo ya mahindi kutoka shamba la mbali, wewe unabebeshwa jembe na mtoto mgongoni kama msichana mdogo. Nilikuwa nikiona aibu, Mdoe. Sikukuonea wewe, nilijionea mimi, mpagazi mzima niliyefika bara na kurudi na mizigo ya watu kichwani, nimezaa mtoto asiyeweza kujitwisha mtungi.

Sisi wapagazi tulikuwa na imani yetu kuhusu nguvu. Tulisema mtu huzaliwa nazo, na asiyezaliwa nazo huchanjwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba nguvu zinapandwa na kupaliliwa kama mtama. Ndiyo maana nilikuchukua nikakupeleka Kwamndolwa kwa yule mganga wa wapagazi, na mbuzi mmoja mzuri nyuma yetu. Akakuchanja chale kwenye vifundo vya mikono, kwenye mabega na chini ya magoti, akakusugulia majivu meusi yaliyochanganywa na mafuta aliyoyaita ya nyati. Hukulia. Kisha akatoa mwiko. Akasema, asinyanyue kitu kizito kuliko jembe mpaka mwezi mpya uandame, la sivyo dawa itatoka na damu yote.

Mwiko nikaushika kuliko sala. Ulipotaka hata kusogeza gogo la kukalia nilikupigia kelele. Mwezi ukaandama, nikakuambia beba ule mzigo wa kuni, ukashindwa. Nikasema dawa haikukolea, turudi. Tukarudi, chale mpya, mwiko mpya. Mwezi mwingine ukaandama na wewe umezidi kulegea, nami nikazidi kuamini kwamba ugonjwa ni mkubwa na dawa iongezwe. Zaidi ya mwaka nilikuwa nikimtibu mtoto asiye na nguvu kwa kumkataza kunyanyua kitu. Sasa hivi kila nikilikumbuka nacheka mwenyewe, lakini wakati ule ungenicheka ningekupiga.

Na juu ya hayo nilikuwa na hofu nyingine. Nilisadiki kwamba mzigo humdumaza mtoto, kwamba kijana akianza kubeba kabla ya ndevu hatarefuka. Ushahidi wangu ulikuwa mimi mwenyewe. Nilianza kubeba bado mdogo, na kimo changu unakijua, mama yako hunituma kufukuza panya chini ya uchaga kwa kuwa siinami sana. Sikukumbuka kwamba miaka ile ya utoto wangu ilikuwa miaka ya njaa, watu wanachimba mizizi ya porini, na sisi watoto tunalala kwa maji ya moto. Njaa ndiyo iliyonikata kimo, nami nikausingizia mzigo. Wewe umebeba tangu ukiwa na miaka yako kumi na tatu, na leo mlango wangu unauingia kwa kuinamisha kichwa.

Ikaja ile safari ya kupeleka mizigo ya boma, nikaondoka Handeni na kuwaacha, mama yako akiwa na mimba ya mdogo wako Zaina. Niliacha maagizo mengi, na la mwisho lilikuwa mwiko. Miguu ya mama yako ikavimba, mto ukakauka, na maji yakawa ya kuchimbua mchangani bondeni. Haya niliyapata kwa mama yako, wewe hujapata kunisimulia. Anasema ulichukua debe la mafuta ya taa, ukalitia maji kidogo tu, yamefunika chini, ukapanda nalo. Siku nyingine ukaongeza. Ulipoanza kuyumba pale kwenye mawe hukung'ang'ana, ulimwaga kidogo ukapanda. Ikafika siku debe limejaa mpaka shingoni nawe hukumwaga hata ya kunawa uso.

Kutwanga nako kukawa kwako. Kijana wa kiume na mchi! Wenzako walikuja kusimama kwenye ua wakakuita bibi harusi. Mama yako anasema hukuwajibu. Ulimpa mchi yule mkubwa wao, ukampisha kinuni, ukaketi. Alitwanga kwa mbwembwe, kisha kwa adabu, kisha akasema ameitwa kwao. Mahindi hayakuwa hata yamevunjika. Hakurudi tena kukuita bibi harusi, akarudi jioni nyingine kuomba naye atwange. Nikiisikia hadithi hiyo moyo wangu hujaa, maana mimi kwa umri wako ningerusha ngumi, na ningepigwa.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni kile kinu kibovu, kile kilichopasuka mdomo. Ukakigeuza shule. Ulitia mchanga ndani, ukakikumbatia, ukakiinua mpaka kifuani na kukishusha taratibu. Kila Ijumaa ukaongeza kata moja ya mchanga, kata ile ya kuchotea maji, na Ijumaa uliyoona mwili umechoka hukuongeza. Siku moja unabeba, siku ya pili unapumzisha mwili kwa kazi ndogo. Ulijifunza hilo kwa mama yako, aliyekuona unataka kubeba kila siku akakuambia hata shamba hulazwa. Yeye ndiye aliyekuongezea kunde kwenye bakuli, na akabadilishana tumbaku yangu, tumbaku yangu mwenyewe, kwa maziwa ya wale Wamasai wa ng'ambo ya mto. Niliporudi nikatafuta tumbaku dari nzima.

Siku ile niliporudi nakumbuka vizuri. Nimepita mgombani, nimepiga hodi, nakukuta uani umekipakata kinu kifuani, mishipa ya shingo imesimama. Nilidhani utakufa papo hapo. Nikatupa fimbo, nikapiga kelele kwamba mwiko umevunjwa, dawa imemwagika, mtoto amekwisha. Wewe ulikishusha kinu polepole, ukapiga magoti, ukasema shikamoo baba, hata hutweti. Mama yako alitoka ndani na tumbo lake, akaniangalia, akasema:

"Dawa yako ilimkataza kubeba. Maji ningeletewa na nani, na dawa?"

Niliinama nikaokota fimbo yangu. Nilikwenda Kwamndolwa peke yangu kumuuliza mganga tufanye nini, maana mwiko umevunjwa. Akaniambia nikulete. Nikakuleta, akakubonyeza mikono, akakuangalia mabega, akatabasamu, akasema unaona sasa, dawa imekubali. Nami nikampa kuku wa shukrani! Usimwambie mama yako habari ya kuku. Anadhani alichukuliwa na kicheche.

Basi hivyo ndivyo ulivyokua mbele ya macho yangu, nami nimechelewa kuona. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema sote, ila wewe ndiye niliyekuona unalifanya, kata kwa kata, na hakuna aliyekupigia makofi. Na namna yako ya kunyanyua nimeipenda kupita nguvu zenyewe. Unauzunguka mzigo kwanza. Unausukuma kidogo kwa mguu uusikie. Unasogea karibu, unachuchumaa, mgongo umenyooka, unavuta pumzi, unainuka kwa mapaja. Wazee wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe peke yako hapa kijijini ndiye uliyeelewa kwamba huinamwa kwa magoti. Sisi wapagazi wa zamani tuliinama kwa kiuno, tazama sasa tunavyokaa na kusimama kwa awamu.

Nimekusifu, na kila neno ni la kweli. Sasa nifike kwenye lile jambo.

Siku ya gulio, yule mnyapara wa reli alipokuja kuchagua vijana, nilikuwa nimekaa kwa muuza chumvi. Hukuniona. Alikuwa ameweka kile kipande cha chuma juu ya magogo, kila kijana anaitwa ainue ncha moja. Wengi walirukia tu. Wewe ulipoitwa ulikizunguka kama kawaida yako, watu wakacheka kwamba unatafuta mlango. Ukachuchumaa, ukainua, ukasimama nacho, ukashusha bila kishindo. Gulio zima liligeuka kukutazama. Muuza chumvi akaniuliza huyo mtoto wa nani, nikamwambia simjui, ili aendelee kumsifu.

Kisha yule mnyapara akacheka akasema, "Huyu simba. Mwongezeeni."

Wakaongeza, wakafunga na mnyororo juu yake. Na wewe, Mdoe, hukuuzunguka mzigo. Hukuusukuma kwa mguu. Ulikuwa bado unawaangalia watu. Ulijitupa juu yake kwa mikono, mgongo ukajikunja, ukauinua kwa shingo na kwa meno, uso ukageuka rangi. Uliusimamisha, ndiyo, watu walipiga vigelegele. Mimi nilisimama kwenye chumvi ya watu bila kujua nimesimama. Niliona magoti yako yanacheza. Na jioni ile nilikusikia nyuma ya nyumba unamwomba mama yako mafuta ya mbarika ya kusugua kiuno, kwa sauti ya chini ili baba asisikie. Baba alisikia. Mama yako naye alikuwa amekwisha kuniambia.

Kumbe neno moja tu, simba, lilitosha kufuta kata zote zile za mchanga! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikulaumu, nakujua ulikotoka. Mtu aliyeitwa Unyasi utoto wote, akiitwa simba siku moja, atabeba hata jiwe la kusagia la kijiji kizima. Ila nataka ujue nilichokiona, kwa sababu huko unakokwenda watakuita simba kila asubuhi. Ni rahisi kuliko kumwita mtu wa pili aje asaidie.

Goti langu unajua lilivyoumia. Sina haja ya kukusimulia ule mteremko na lile sanduku la chuma, umesikia mara nyingi, na kila mara huwa nalifanya sanduku kuwa kubwa zaidi. Neno ninaloliruka kila nikisimulia ni hili, kwamba kabla hatujaanza kushuka nilikwisha kujua. Mguu ulikuwa umeniambia tangu juu, na kiongozi wa msafara aliuliza nani amechoka abadilishwe. Alikuwa ametoka kunisifu mbele ya wenzangu. Nikanyamaza. Hakuna aliyenilazimisha, hakukuwa na kiboko siku ile. Ni sifa tu, nayo ilikuwa tamu mpaka tulipofika nusu ya mteremko.

Reli si mzigo wa mtu mmoja. Nimeambiwa na waliotoka huko kwamba mnakuwa wengi pembeni ya chuma kimoja, mwimbishaji anatoa wimbo, nanyi mnainua kwa pamoja na kutua kwa pamoja. Mmoja akilegea bila kusema, chuma kinawageukia wenzake, na miguu inayokaa chini yake haina kosa. Kwa hiyo ukinyamaza utakuwa unacheza na kiuno chako na miguu ya mtoto wa mtu mwingine pia.

Najua utaniambia kuna kiboko. Najua, nimewaona watu waliotoka kwenye ile hamsa ishirini yao, viboko ishirini na vitano, na sitakudanganya kwamba ukisema umechoka utapewa uji. Ndiyo maana nakuambia sema mapema. Sema mkiwa bado mmesimama, kabla ya wimbo. Mwambie mwimbishaji, maana yeye anabeba pia na anajua. Mwambie, kaka, hiki kizito, tuongeze mtu. Ukisema chuma kikiwa begani, umechelewa, hapo utakuwa umefanya kosa na kiboko kimepata sababu. Na kama siku moja hakuna njia, umesema mapema na bado wamekulazimisha, basi chuchumaa vizuri, vuta pumzi, na ukipata nafasi ya kurudi nyumbani rudi. Hakuna atakayekuita Unyasi. Atakayekuita nitamkabidhi mchi.

Na huko usiache namna yako. Chakula chao nasikia ni kichache. Usipokula vizuri usijaribu kujionyesha jioni na mawe kama vijana wengine watakavyokualika, mwili haujengwi kwa njaa, mimi ni shahidi. Ukikuta kijana mdogo, mwembamba, mfundishe kuongeza kata kwa kata. Usimpeleke kuchanjwa.

Karatasi inakwisha, na nawasikia mbwa wa jirani, labda mnarudi.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la kesho. Unajua desturi yetu. Mtoto akitoka nyumbani kwa safari ndefu hagusi mzigo wake mlangoni. Mzazi ndiye hujitwisha, akautembeza mpaka njia panda, na pale ndipo humtwisha mtoto kwa mikono yake mwenyewe, watu wote wakitazama. Baba yangu alinifanyia hivyo. Nimeingoja siku hii tangu ulipozaliwa, na hata wakati wa Unyasi nilikuwa naiota.

Mlipoondoka leo nilikwenda kulijaribu furushi lako. Mama yako amefunga kana kwamba reli inapita jangwani: unga, kunde, makopa, blanketi, na sijui nini kingine kigumu chini. Nililizunguka kama wewe. Nikachuchumaa, kwa kadiri goti linavyokubali. Nikaliinua mpaka hapa mapajani, nikalirudisha chini. Nikajaribu tena. Nilikaa juu yake kwa muda mrefu, nikifikiri jinsi ninavyoweza kujikaza, maana ni mwendo mfupi tu mpaka njia panda, na shangazi yako atakuwepo, na majirani, na yule muuza chumvi ambaye sasa amekwisha kujua wewe ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo utakapokuwa unaisoma barua hii, utakuwa umekwisha kunisikia. Nitasimama mlangoni mbele yao wote na kusema, Mdoe, huu mzito, siuwezi, njoo uushike. Huenda ulidhani baba amezeeka, na ni kweli, nimezeeka. Lakini nilisema kabla ya kuunyanyua, kwa sauti, na nilitaka ulisikie neno hilo likitoka kinywani mwa baba yako kwanza.

Ni mimi,
Baba yako